Kung'oa dizeli na kuweka mota ya umeme kwenye boti ya matanga: hesabu ianze na spidi

Mtu akianza kufikiria kutoa injini ya dizeli kwenye boti yake ya matanga aweke mota ya umeme, swali la kwanza karibu kila mara ni lile lile, "nilikuwa na dizeli ya hosipawa 20, sasa ninunue mota ya kilowati ngapi?" Swali linaeleweka, maana ndo namba iliyoandikwa kwenye injini na ndo namba anayoijua, lakini ukianzia hapo utanunua mota kubwa isiyo na betri ya kuilisha, halafu utalaumu umeme kwa kitu ambacho sio kosa la umeme. Swali linalotakiwa kutangulia ni hili: siku upepo umelala na matanga umeyatua, unataka boti iende spidi gani, na maili ngapi kabla hujafika sehemu ya kuchaji? Ukishajibu hayo mawili kwa ukweli, betri, mota na nyaya vinafuata, na kwa mpangilio huo huo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko injini ya dizeli. Mwaka 1838 Moritz Jacobi alitembeza boti ya mota ya umeme kwenye mto Neva kule St Petersburg, na mwaka 1893 kwenye maonyesho makubwa ya dunia Chicago kulikuwa na boti za umeme zaidi ya 50 zikibeba wageni, kazi ya kampuni inayojulikana kama Elco. Mota zilifanya kazi vizuri tu. Kilichozishinda ni sehemu ya kuweka umeme, na mpaka leo, pamoja na maendeleo yote ya lithiamu, kazi ngumu ya mradi huu bado iko kwenye betri.

Tuangalie hilo kwa namba. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10, yani uniti 10 zile zile za kwenye mita ya umeme. Injini ndogo ya boti inapoteza sehemu kubwa kama joto, kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha propela, zinafika uniti 2.5 mpaka 3 kwa lita. Sasa chukua betri ya lithiamu ya uniti 10, ambayo kwa boti ya futi 30 ni betri ya heshima kabisa. Utatumia uniti 8 ili usiikaushe, mota na kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaoenda kwenye mota) zitakula asilimia 10 hivi, kwenye shafti unabaki na uniti 7 na kidogo. Ni kama lita tatu za dizeli. Boti iliyokuwa na tenki la lita 80 sasa ina tenki la lita tatu, na mtu yeyote anayekuuzia mfumo wa umeme bila kukuonyesha hesabu hii mapema anakuficha jambo la msingi.

Kwa hiyo inakuwaje watu wanabadilisha na wanafurahi? Kwa sababu ya jinsi maji yanavyokataa kusukumwa. Nguvu inayohitajika kusukuma boti haipandi sawa na spidi, inapanda kwa kiasi cha spidi mara spidi mara spidi. Ukiongeza spidi mara mbili unahitaji nguvu mara nane, na ukipunguza kidogo tu unaokoa nguvu nyingi sana. Mwenye dizeli hajawahi kulazimika kuliona hili, maana anaweka mafuta na kwenda noti 6 kila mara, na tofauti ya lita moja au mbili haimuumizi. Mwenye betri analiona kila dakika kwenye skrini.

Tuseme boti yetu ni ya futi 30, tani nne na nusu hivi, na kwa noti 4 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kilomita 1.852) kwenye maji shwari inakula kilowati 1.6 kutoka kwenye betri. Kwa zile uniti 8 unapata masaa 5, maili 20. Ukienda noti 5 inakula kilowati 3.1, unapata masaa mawili na nusu na maili 13. Ukilazimisha noti 6, hesabu inasema kilowati 5.4 na maili 9, ila kiuhalisia ni pungufu ya hapo na nitaeleza kwa nini. Sasa rudi nyuma uende noti 3 tu: mota inakula wati 700 hivi na betri ile ile inakupeleka zaidi ya maili 35. Hakuna kifaa utakachonunua kitakachokuongezea umbali kama mkono wako mwenyewe ukirudisha gesi nyuma kidogo.

Sababu ya noti 6 kuwa mbaya zaidi ya hesabu ni kwamba boti nzito inayopasua maji ina ukomo wake. Ikienda inatengeneza wimbi, na wimbi linarefuka kadri spidi inavyopanda, mpaka linafikia urefu wa boti yenyewe na boti inajikuta imekaa kwenye bonde kati ya omo (mbele) na tezi (nyuma), inajaribu kupanda wimbi ililolitengeneza yenyewe. Kanuni ya mabaharia ni 2.43 zidisha kipeuo cha pili (square root) cha urefu wa boti pale inapogusa maji, kwa mita. Boti yenye mita 8 kwenye mstari wa maji inapata noti 6.9. Ukikaribia hapo nguvu inapanda kwa kasi kuliko ile ya spidi mara spidi mara spidi, na ukitaka kuvuka unaweza kumwaga kilowati 5 zaidi upate robo noti. Dizeli kubwa zilizowekwa kwenye boti nyingi zinafanya kazi hiyo hiyo ya kusukuma ukuta.

Lakini ile kilowati 1.6 nimeitoa wapi, na ya boti yako utaijuaje? Kuna jaribio la kuivuta boti, halihitaji kununua chochote cha maana, na mimi naliona ndo hatua muhimu kuliko zote japo wengi wanaliruka. Chagua siku ya maji shwari, omba mwenzako mwenye boti ya injini, funga kamba ndefu kiasi kwamba boti yako haipo kwenye povu la propela yake, na katikati ya kamba na boti yako weka mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Gia yako iwe nyutro. Akuvute noti 3, kisha 4, kisha 5, spidi msome kwenye GPS, kila spidi mwende na mrudi ili mkondo wa maji ujifute wenyewe, na kila mara uandike mizani inasoma ngapi. Itarukaruka, chukua wastani wa dakika moja mbili.

Tuseme kwa noti 4 imesoma kilo 36. Kilo 36 za mvuto ni kama nyutoni 353, na noti 4 ni mita 2.06 kwa sekunde, zidisha hizo mbili unapata wati 727. Hiyo ndo nguvu halisi inayohitajika kulisogeza bodi la boti. Propela ya boti ya matanga kwa kawaida inapoteza karibu nusu ya unachoipa, kwa hiyo shafti inatakiwa itoe wati 1,450 hivi, na ukigawa kwa asilimia 90 ya mota na kontrola unafika wati 1,600 kutoka kwenye betri. Ndo kilowati yetu 1.6, imetoka kwenye kamba na mizani, hakuna mtu wa mauzo aliyeitaja. Fanya jaribio na boti ikiwa safi chini, maana magamba na majani ya bahari yanaongeza mzigo kuliko watu wanavyofikiria, halafu ukumbuke kwamba usiposafisha baadaye ile maili 20 haitakuwepo.

Sasa turudi kwenye hosipawa, maana kuna maneno yanazunguka kwamba hosipawa moja ya umeme ni sawa na tatu za dizeli. Sio kweli. Hosipawa ni hosipawa, ni wati 746, iwe imetoka kwenye mafuta au kwenye betri. Kilicho kweli ni vitu viwili. Kwanza, mota ya umeme inatoa nguvu ya kuzungusha kamili hata ikiwa inaanza kutoka sifuri, wakati dizeli inabidi ipande mizunguko ndo iipate, kwa hiyo unaweza kuipa propela kubwa inayozunguka polepole, na propela ya aina hiyo inasukuma maji vizuri zaidi. Pili, ile dizeli ya hosipawa 20 ilikuwa inatoa zote 20 pale tu ilipokuwa imebanwa mpaka mwisho, na hakuna anayeendesha hivyo safari nzima. Boti iliyokuwa na dizeli ya 20 ikatosheka na mota ya kilowati 8 au 10 haijafanya muujiza, ilikuwa haizitumii zile nyingine.

Usichague mota ndogo sana pia. Maji shwari ni jambo moja, upepo wa mbisho na mawimbi ni jambo lingine kabisa. Mlingoti, kamba na bodi vyote vinashika upepo, na nguvu ya upepo inapanda kwa spidi yake mara spidi yake, upepo ukiongezeka mara mbili unakusukuma mara nne. Siku ya kuingia bandarini upepo unakuja usoni na kila wimbi linapiga omo, ile kilowati 1.6 itakushikilia pale pale kama sio kukurudisha. Kipimo ambacho wengi wanakitumia ni kilowati moja kwa kila tani kwa maji tulivu, na mbili kwa tani ukitaka uhakika wa kutoka kwenye shida. Kwa boti yetu ni kilowati 9, tuseme 10. Hiyo kumi utaitumia mara chache na kwa dakika chache, maana kwa kilowati 10 zile uniti 8 za betri yako zinaisha chini ya saa moja. Ni ya kusimamisha boti haraka gatini, ya kuvuka mlango wa bandari, ya kujitoa kwenye miamba nanga ikikatika.

Betri, basi. Kuna wanaotaka kuanza na betri za risasi kwa sababu zinapatikana na ni bei rahisi, na kwa mtu anayetoka gatini na kutweka matanga karibu na gati inaweza kufanya kazi. Lakini hesabu uzito. Betri ya risasi ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo kupata uniti 8 unahitaji kubeba 16. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 ina uniti 1.2 na kilo karibu 30, unahitaji 13 hivi, na kwa mfumo wa volti 48 zinaenda nne nne, kwa hiyo ni 12 au 16, yani kilo 360 mpaka 480. Na kuna jambo lingine baya: ile ampea-saa 100 imepimwa kwa kuitumia polepole masaa 20, ukiinyonya kwa saa moja inakupa sitini hivi. Mota ya boti ndo inanyonya hivyo. Lithiamu ya LiFePO4 ya uniti 10 ina kilo mia moja hivi, inakubali kutumika asilimia 80 au 90, na inadumu maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia.

Aina hiyo ya LiFePO4 ndo ningemshauri mtu kwa boti, kwa sababu haiwaki kirahisi kama lithiamu za aina nyingine zenye nishati nyingi zaidi kwa kilo, na boti ya matanga inabeba mkuku (uzito wa chini kabisa wa boti) wa tani nzima, kilo 30 za ziada sio hoja. Kila seli ni volti 3.2, kumi na sita kwa mstari mmoja ni volti 51.2, hapo ndo panapoitwa mfumo wa 48. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, unaiharibu kimya kimya. Na lazima iwe na bodi ya kuilinda, BMS, inayoangalia kila seli na kukata umeme moja ikipitiliza juu au chini. Hapa ndo nataka mtu atulie afikirie: BMS ikikata, mota inazima papo hapo, bila kukohoa kama dizeli inayoishiwa mafuta. Ukiwa katikati ya mlango wa bandari ni hatari ya kweli. Chukua BMS inayotoa onyo kabla ya kukata, na ukiweza gawa betri ziwe mbili zenye BMS mbili zimeunganishwa sambamba, moja ikijitoa nyingine inakufikisha, mradi kila moja iwe na uwezo wa kubeba ampea zote za spidi unayohitaji kufika salama.

Kwa nini volti 48 na sio 12? Kwa sababu ya ampea. Kilowati 10 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 800, hakuna waya wa kubebeka. Kwa 48 ni ampea 200 hivi, bado nyingi ila inawezekana, na volti hizo ziko chini ya 60 ambapo umeme wa betri unahesabiwa kuwa wa chini, hatari ya kumpiga mtu ni ndogo. Ukipanda 96 au zaidi nyaya zinakuwa nyembamba na mfumo unapoteza kidogo, lakini unaingia kwenye umeme unaoua, na hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea, sio ya jioni na marafiki.

Ampea 200 zina tabia zake. Chukua kiungo kimoja tu cha waya kilichobanwa vibaya, chenye ukinzani wa miliomu mbili, yani sehemu mbili za elfu za omu, kiasi kidogo ambacho mita ya kawaida haikioni. Ampea 150 zikipita hapo zinatoa joto la wati 45, ni kama umeacha pasi ya kulehemu inawaka ndani ya kisanduku cha plastiki safari nzima. Ndo maana vichwa vya nyaya vibanwe kwa mashine ya haidroliki, sio nyundo wala koleo, nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati ili chumvi isizile, na baada ya safari za kwanza upitishe mkono karibu na kila kiungo, au kamera ya joto ukiipata. Kikiwa cha moto kuliko wenzake kifungue ukirudie.

Fyuzi nayo isiwe ya kubahatisha. Betri ya lithiamu ikigusana waya inaweza kumwaga maelfu ya ampea kwa mpigo, na fyuzi dhaifu badala ya kukata inaendelea kuwaka kwa cheche. Inayotumika ni ya aina ya Class T, ikae karibu kabisa na betri. Swichi pia: umeme wa betri haupiti sifuri kama ule wa nyumbani unaopishana, kwa hiyo cheche ikianza haizimiki yenyewe, na swichi ya nyumbani yenye maandishi makubwa ya ampea inaweza kuyeyuka ukiifungua mota ikiwa na mzigo. Tumia iliyoandikwa kwa umeme wa DC na kwa volti zako. Na ndani ya kontrola kuna kapasita kubwa ambazo ziko tupu. Ukiunganisha betri moja kwa moja zinavuta umeme kwa mkupuo, unaona cheche na siku moja unaona kontakta (swichi kubwa inayofungwa kwa umeme) imeganda isifunguke tena. Inawekwa rezista ndogo inayozijaza taratibu sekunde chache kabla ya kontakta kubwa kufunga. Kitu kidogo sana, ila kinaokoa mfumo wote.

Kabla ya kuagiza chochote omba kusoma viwango, ISO 16315 ni ya mifumo ya umeme ya kusukuma vyombo vidogo, na ABYC, shirika la viwango vya boti la Marekani, wana E-30. Bima au mkaguzi akija ndo lugha atakayoongea.

Kuhusu kuchaji, njia ya uhakika ni waya wa gatini. Chaja ya volti 48 ya ampea 30 inatoa kilowati moja na nusu hivi, uniti 8 zinarudi kwa masaa 5 mpaka 6, unalala unaamka imejaa. Sola ya wati 400 mahali penye jua inaweza kukupa uniti 1.5 kwa siku au zaidi ya hapo kama kivuli cha tanga na mlingoti hakijaikalia, na uniti 1.5 ni masaa mawili ya noti 3. Inaonekana kidogo, ila boti nyingi zinakaa zimefungwa wiki nzima na kusafiri siku moja, na kwa maisha hayo sola pekee inaweza kujaza betri bila kugusa gati.

Halafu kuna ile inayowavutia watu kuliko zote, kuchaji kwa propela. Unasafiri kwa tanga, maji yanazungusha propela, propela inazungusha mota na mota inageuka jenereta. Inafanya kazi kweli, na Oceanvolt, kampuni ya Finland, walitengeneza propela inayojigeuza mbawa zake kwa ajili hiyo hiyo. Lakini nayo inafuata ile kanuni ya spidi mara spidi mara spidi. Boti ya saizi yetu ikikimbia noti 6 inaweza kupata wati 100 mpaka 300, ikishuka noti 4 unapata kiasi cha kuwasha taa. Na sio bure, propela inavuta boti nyuma, unaweza kupoteza nusu noti. Kwa safari ndefu ya bahari kuu yenye upepo wa siku nyingi, wati 200 kwa masaa 24 ni karibu uniti 5, hapo inabadilisha maisha. Kwa safari ya mchana ya kwenda na kurudi usiihesabu. Na ukiwa na propela ya kujikunja, ambayo ni nzuri sana kwa spidi ya tanga, usitegemee ikupe chochote cha maana, kwa hiyo chagua unachokitaka zaidi.

Wanaoogopa kukwama wanabeba jenereta ndogo ya petroli. Ya kilowati 1.6 mfululizo itasukuma boti yetu karibu noti 4 mpaka petroli iishe, kwa hiyo kama suluhisho la dharura inaeleweka. Ila moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti) na kukaa pale unasubiri cheche. Jenereta isiwashwe ndani hata mara moja, na petroli isitunzwe ndani.

Kwa hesabu hizi mtu anaweza kujijua. Kama unatoka gatini, unatweka tanga ndani ya nusu saa, unarudi jioni na gati lina umeme, badilisha bila wasiwasi, utafurahia kuongea na watu bila kupiga kelele na kuacha kunusa dizeli kwenye magodoro. Kama eneo lako lina mikondo ya noti 4 na vipito vyembamba ambavyo lazima uvipite saa fulani upende usipende, au ratiba yako inakulazimisha kuwasha injini masaa nane upepo usipokuwepo, bakiza dizeli. Na kama dizeli uliyonayo ni nzima, siioni sababu ya kuing'oa mwaka huu, ihudumie, tumia muda huo kuandika kila safari ulipoiwasha, kwa dakika ngapi na spidi gani. Daftari hilo la msimu mmoja litakwambia saizi ya betri yako kuliko mshauri yeyote.

Siku ya kung'oa, toa vyote, injini, tenki, bomba la moshi, pampu ya maji ya chumvi, na matundu ya bodi yasiyotumika tena yazibwe kitaalam. Pima mahali boti inapokaa kwenye maji kabla na baada, maana kilo mia na zaidi zimetoka tezi na betri unaweza kuziweka karibu na katikati, chini, ambapo zinasaidia boti kutulia. Kumbuka dizeli ilikuwa na kazi nyingine za pembeni. Ilikuwa inachaji betri ya volti 12 ya taa, redio na pampu, sasa unahitaji kigeuzi cha kushusha 48 kwenda 12. Ilikuwa inapasha maji ya kuoga. Na chuma chake ndo kilikuwa njia ya hasi ya umeme mpaka kwenye shafti na baharini. Kwenye mfumo mpya waya zote mbili za mota zisiguse bodi wala shafti, la sivyo propela na shafti vitaliwa na umeme.

Kuna jambo la shafti ambalo linasahaulika mpaka boti irudi majini. Propela ikisukuma maji nyuma, yenyewe inasukuma shafti mbele, na ule msukumo wote unaosogeza boti ya tani nne na nusu lazima upokelewe na kitu. Kwenye dizeli uliokuwa unaupokea ni beringi ya ndani ya gia boksi. Ukitoa gia boksi na kufunga mota moja kwa moja kwenye shafti, msukumo unaenda kwenye beringi za mota ambazo hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Weka beringi maalum ya kupokea msukumo, na kitako chake kiungwe kwenye mbao au faiba imara, sio kwenye kipande cha pembeni. Mota za aina ya podi zinazoning'inia chini ya boti, na zile za mguu unaoshuka kupitia sakafu, zinakuja na hilo limeshatatuliwa, gharama yake ni kutoboa bodi na, kwa podi, kuwa na mota yako chini ya maji muda wote.

Mizunguko ndo kitu cha mwisho kupanga. Mota nyingi zinapenda elfu tatu kwa dakika, propela nzuri ya boti hii inapenda elfu moja au chini, kwa hiyo mkanda au gia ya tatu kwa moja inakaa katikati. Boti ikirudi majini siku ya shwari, nenda kwa kila nusu noti, kwenda na kurudi, andika wati, ampea na mizunguko, ubandike jedwali hilo karibu na usukani. Kisha sukuma gesi mpaka mwisho uangalie kipi kinagonga ukuta kwanza. Ampea zikifika ukomo wakati mizunguko bado iko chini, propela ni nzito kuliko mota, mbawa zake zinahitaji kulazwa kidogo au uongeze uwiano wa mkanda. Mizunguko ikifika mwisho na ampea hazijafika hata nusu, propela ni nyepesi, inazunguka bila kushika maji, na ile kilowati 10 uliyoilipia haipo siku utakayoihitaji. Kwenye mfumo wa mkanda marekebisho ni kubadilisha puli moja, kazi ya saa moja, kwa hiyo nunua puli mbili za saizi tofauti kabla boti haijashushwa.